Wasomaji Wanauliza: Sanamu za Barabarani

Kila siku napita kwa taksi mbele ya Mnara wa Uhuru hapa Kampala. Wenzangu wanausifu. Mimi sijawahi kusikia chochote moyoni. Kasoro iko kwangu au kwenye sanamu? – Msomaji, Ntinda

Kasoro iko kwenye taksi. Sanamu iliyochongwa pande zote haionekani kwa sekunde nne kupitia dirishani, tena upande uleule kila asubuhi.

Shuka karibu na Hoteli ya Sheraton, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kampala imekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini au jirani na hapo. Kivuli kinaanguka miguuni na mikunjo yote ya mwili inafutika. Jua la pembeni ndilo linaloichonga tena.

Usikimbilie kusoma maandishi. Rudi nyuma hadi umbali wa mara mbili ya kimo cha sanamu, uione yote bila kukunja shingo. Kisha izunguke. Simama pande nne, dakika mbili kila upande, na kila unaposimama andika maneno matatu tu. Yawe ya kitu au kitendo: "anainua", "kamba", "kiwiko". "Nzuri" na "inavutia" yaache, hayabebi kitu.

Utakayemkuta ni mtu mzima (wengi humwita mama) aliyeviringishwa vifungo mwilini, akimwinua mtoto juu, na mtoto ameinua mikono. Maelezo ya kila siku ni kwamba vifungo ni ukoloni na mtoto ni Uganda iliyozaliwa tarehe 9 Oktoba 1962. Si mabaya, ila ukiyapokea mapema macho yanalala. Jiulize kwanza: mbona mtoto yuko huru, na anayemwinua bado amefungwa? Hapo watazamaji hugawanyika. Mmoja anaona sherehe, mwingine anaona deni la mtoto kwa mama yake. Sisi tuko upande wa deni, lakini usitufuate.

Halafu uulize mwili wako. Jaza maji kidumu cha lita 5, yaani kama kilo 5, kiinue juu ya kichwa kwa mikono miwili na uhesabu hadi 60. Mabega yatatetemeka, kiuno kitabinuka, visigino vitaitafuta ardhi. Ukirudi kwenye sanamu utajikuta unatazama kiuno na miguu, si uso tena. Aliyeiunda, Gregory Maloba, Mkenya aliyejifunza uchongaji Chuo cha Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell kisha akafundisha palepale, alikuwa mtu wa kuumba uzito kabla ya sura.

Kama huna nafasi ya kushuka leo, toa noti yoyote ya toleo la 2010, kuanzia elfu moja hadi elfu hamsini. Mnara huo umo. Noti imekuchagulia upande mmoja. Kazi yako ni kwenda kutazama pande ilizoziacha.

Na ukimaliza haya yote bila kuguswa, andika hivyohivyo, pamoja na kilichokuzuia: kelele, uzio, haraka. Kutoguswa nako ni jibu, mradi liwe na sababu.

Ninapeleka wanafunzi 40 wa S2 (kidato cha pili) kwenye chanzo cha Nile, Jinja. Mwaka jana niliwaambia waandike walichohisi mbele ya sanamu ya Gandhi. Wote waliandika "alikuwa mtu mkubwa". – Mwalimu, Iganga

Walikuandikia somo la historia, Mwalimu, kwa sababu macho hayakupewa kazi. Safari hii wapange wawili wawili. Mmoja anaitazama sanamu, mwenzake anaipa mgongo akiwa na penseli na karatasi, na anachora anachoelezwa tu. Dakika 5, kisha wabadilishane. Asiyeona atamsumbua anayeona: kichwa kimeinama au kimenyooka? Mabega yanaishia wapi? Macho yanakutazama wewe au yanakupita? Maswali hayo ndiyo yatakayojaza daftari.

Baada ya hapo ndipo uwaambie kwamba mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa katika maji yale, na kwamba sanamu ilizinduliwa 1997 na I. K. Gujral, aliyekuwa waziri mkuu wa India. Waandike tena mistari mitatu: nini kimebadilika?

Mkipata nafasi, fikeni ng'ambo ya magharibi kwenye mnara wa Speke, mvumbuzi Mwingereza aliyefika pale tarehe 28 Julai 1862. Ule hauna uso, ni nguzo tu, na maporomoko ya Ripon unayoyakumbuka hayaonekani tena. Yalizama maji yalipopanda baada ya bwawa la Owen Falls la 1954. Swali la kuwauliza: ni wapi ulipunguza sauti bila kuambiwa? Mkivuka kwa mashua, kila mtoto avae jaketi la kuokolea, hata kama nahodha anacheka.

Baba mkwe wangu hapendi tuseme "sanamu". Anasema ni ya kuabudiwa. – Msomaji, Arua

Ana haki na neno lake, maana Kiswahili kimelibebesha maana zote mbili. Mbele yake sema "mnara wa kumbukumbu". Akija safari ya Masaka, mpeleke kwenye pete zinazoonyesha mstari wa ikweta pale Kayabwe. Hazina sura ya kiumbe yeyote, na atakuwa na la kusema akisimama mguu mmoja kila upande.

Shuleni kwetu tulijenga korongo wa saruji, yule wa bendera, amesimama kwa mguu mmoja. Mguu una unene wa sentimita 6, ndani tuliweka nondo ya milimita 12. Miaka miwili tu umepasuka na unatoa machozi ya kahawia. Watoto wanamwita Kiguru. – Mwalimu Mkuu, Mbale

Watoto wameona sawa. Ufa unaofuata urefu wa nondo, wenye machozi ya kahawia, ni kutu. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo inaisukuma saruji kutoka ndani. Piga hesabu: mguu wa sentimita 6 ukitoa nondo, kila upande umebaki na saruji ya sentimita 2.4. Kwa kitu cha kunyeshewa, weka 4.

Kwanza tegemeza mwili kwa mbao, uzito wote uko kwenye mguu ule. Bandua saruji mpaka upite kutu kwa sentimita 5 juu na chini, na uingie nyuma ya nondo kwa sentimita 2. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Ikiwa robo ya unene imeliwa, funga nondo mpya kando yake, zipishane sentimita 48 kila mwisho.

Paka uji wa saruji, na kabla haujakauka kandamiza mota ya saruji 1 kwa mchanga 3. Mchanga uoshwe, wenye udongo ndio chanzo cha nyufa nyingi. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Ukifinya tonge mkononi, likae bila kuchuruzika. Wengi huongeza maji ili ipakike kwa urahisi, na hapo ndipo vinyweleo vya kupitisha mvua huzaliwa.

Unene mtaupata bila kumharibu ndege: mzungushieni mguu saruji iliyofinyangwa kwa umbo la mafunjo (matete ya majini) mpaka ufike sentimita 10. Funikeni kwa magunia mabichi siku 7, mkiyamwagilia asubuhi na jioni. Rangi ya mafuta isubiri siku 28, la sivyo unyevu utaiinua kama malengelenge.