Kiwanja Kimoja, Tangazo Moja: Ushauri kwa Wanaosimamia Daftari la Pamoja la Nyumba na Viwanja

Tangu Serikali ilipohamishia shughuli zake Dodoma, na hasa baada ya Dodoma kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, biashara ya nyumba za kupanga na viwanja imekua haraka kuliko utaratibu wa kuisimamia. Mtumishi anayehamia kutoka Dar es Salaam anatafuta nyumba Kisasa au Ilazo, mwanafunzi anatafuta chumba karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, mwingine anatafuta kiwanja upande wa Ihumwa, na wote hujikuta wakionyeshwa nyumba ileile na madalali wanne kwa bei nne. Mimi husimamia kanuni na programu ya daftari la pamoja, ambamo madalali wa hapa mjini huweka matangazo yao ili kila mmoja aweze kumpeleka mteja wake kwenye nyumba ya mwenzake, kisha wagawane ujira. Nawaandikia wanaofikiria kuanzisha daftari kama hilo, kwa sababu naona wengi wanaanza na mwonekano wa programu, ilhali kinacholiua daftari ni taarifa zisizoaminika.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuhakikisha kwamba mali moja ina kumbukumbu moja tu. Kwa kiwanja kilichopimwa kazi ni nyepesi, maana kina namba ya kiwanja, kitalu na eneo, na programu inaweza kukataa tangazo la pili lenye utambulisho huohuo. Lakini hapa ndipo uangalifu unapohitajika: dalali mmoja ataandika "Kitalu E", mwingine "Block E", wa tatu ataandika "Blk. E Nzuguni" katika mstari mmoja pamoja na namba ya kiwanja, na kompyuta itaona mali tatu tofauti. Kwa hiyo usiruhusu utambulisho uandikwe kwa maneno huru. Jina la eneo lichaguliwe kwenye orodha uliyoiandaa mwenyewe, kitalu kiwe na kisanduku chake, namba iwe na chake. Kwa maeneo ambayo hayajapimwa, dai alama ya mahali kutoka kwenye simu iliyochukuliwa pale pale penye mali, pamoja na jina la mtaa, na uipe programu uwezo wa kumwonyesha msimamizi matangazo yote yaliyo karibu sana ili ayalinganishe kwa macho. Picha husaidia kuliko mtu anavyodhani: rangi ya geti, tenki la maji juu ya mnara wake, mti wa mwarobaini uani, vyote hivyo hubainisha kwamba "nyumba mpya ya Ilazo" ni ileile iliyowekwa na mwenzake juma lililopita.

Jambo la pili ni maelezo ya nyumba yenyewe. Kwa hapa Dodoma, kisanduku kinachosema "maji yapo" hakimsaidii mteja hata kidogo. Anataka kujua kama ni maji ya bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, au ya kisima, kama hutoka kila siku au kwa mgawo, na kama kuna tenki la akiba. Umeme nao uulizwe hivyohivyo: nyumba ina LUKU yake, au wapangaji wanachangia mita moja? Chumba ni masta, au choo ni cha nje kwa watu wote? Kodi hulipwa kwa miezi mitatu, sita au mwaka? Maswali haya yawe ya kuchagua jibu, na yawe ya lazima, kwa kuwa kila swali linaloachwa wazi huishia kwenye safari ya bodaboda ambayo mteja ameilipia bure.

Daftari za namna hii zina historia ndefu Marekani, ambako madalali walianza kukutana kwenye ofisi za vyama vyao mwishoni mwa karne ya 19 ili kupeana habari za nyumba walizokabidhiwa kuuza. Kanuni yao moja inafaa kutazamwa: ile iliyoanza kutumika mwaka 2020, inayomtaka dalali aliyeitangaza nyumba hadharani aiingize kwenye daftari la pamoja ndani ya siku moja ya kazi. Imezua mabishano mengi kwao, lakini mimi naiunga mkono, kwa sababu dalali anayeficha nyumba nzuri na kuleta mabaki kwa wenzake huwafanya nao wafiche za kwao. Jambo jingine la kujifunza ni ujira. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, baada ya kesi kubwa kuhusu ada za madalali kumalizwa kwa makubaliano, mifumo mingi ya huko haionyeshi tena ujira anaoahidiwa dalali wa mnunuzi. Ushauri wangu ni kwamba mgawanyo wa ujira uwekwe kwenye maandishi baina ya madalali, na mteja aambiwe kiasi atakacholipa, ikiwemo pesa ya kuonyeshwa nyumba, kabla hajatoka nyumbani kwake.

Hali ya tangazo nayo isiachwe kwenye hisani ya dalali. Nyumba ya kupanga ikikaa siku 14 bila kuthibitishwa, tangazo lijizime lenyewe. Madalali wengi wazoefu hutumia simu ndogo, hivyo programu iwatumie ujumbe mfupi wa kawaida: jibu 1 kama bado ipo, 2 kama imechukuliwa. Ukimtaka mtu huyo afungue programu na kukumbuka nenosiri, hatathibitisha kamwe.

Kuna kanuni ambazo programu haiwezi kuzisimamia, na hapo lazima awepo mtu. Kompyuta haijui kama anayeuza ndiye mmiliki, kama mwenza wake ameridhia, au kama nyumba ni ya mirathi na msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama. Dai barua ya mmiliki inayompa dalali ruhusa ya kutangaza, na kwa mauzo ya mali yenye hati, dai matokeo ya upekuzi kutoka kwa Msajili wa Hati. Usiweke alama ya "imehakikiwa" bila kuandika nani aliangalia nini na tarehe gani, maana mnunuzi ataichukua alama hiyo kama dhamana na kutoa akiba yake ya miaka mingi. Naliona hili kuwa jukumu zito kuliko mengine yote ya msimamizi.

Nakala za hati na namba za vitambulisho zisionekane kwa wanachama wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu hata mwenye daftari dogo. Malalamiko yasikilizwe na madalali wenzake mlalamikiwa, naye apewe nafasi ya kujieleza kabla ya faini au kusimamishwa, na msimamizi mwenyewe asiwe na mali sokoni.

Mwisho ni mkataba na mtengenezaji wa programu. Uandike wazi kwamba taarifa zote ni mali ya wanachama, na kwamba mtapewa nakala kamili, pamoja na picha na historia ya kila tangazo, katika faili linaloweza kufunguliwa na programu nyingine. Kisha idai nakala hiyo kila mwezi mkiwa bado mnaelewana, na umpe mtaalamu mwingine ajaribu kuifungua.