Mtaalam wa kwenye tivii alisema rangi itaziba unyevu

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi napenda sana vipindi vya kupendezesha nyumba, sasa kuna mtaalam alionyesha ukuta wenye fangasi akaupiga klorini, akafuta, akapaka rangi ya mafuta koti mbili ukawa kama mpya, akasema unyevu hautapita tena. Nami nikafanya hivyohivyo chumba cha watoto. Saivi rangi imevimba malengelenge, ukiminya yanatoa maji, na pembeni kuna unga mweupe. Mume wangu anataka tubandue plasta yote, mimi nasema tuliuziwa rangi feki. Nani yuko sahihi? (Mama Watoto)

JIBU: Mama Watoto, wote wawili hapana. Rangi yako ni nzima kabisa, tena imefanya kazi yake ya kuzuia maji, shida ni kwamba maji yalikuwa nyuma yake, yakakosa pa kutokea ndo yakaisukuma. Huo unga ni chumvi. Maji yakipita kwenye tofali na simenti yanayeyusha chumvi zilizomo, yakifika nje yanakauka chumvi inabaki, kwahiyo ukiiona ujue kuna maji yanatembea humo ndani. Na yule bwana siku ile ukuta wake ulipendeza kweli, sibishi, ila wale wanazima kamera rangi ikiwa mbichi, sijawahi kuona wakirudi baada ya mvua.

Kabla hujanunua chochote, jua kwanza maji yanatoka wapi. Kwangua sehemu, ifute ikauke juu, bandika kipande cha nailoni angavu kama sm 30 kwa 30, ziba pande zote nne kwa selotepu iache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani basi ni hewa ya chumba chenyewe, fungueni madirisha na muache kuanika nguo humo. Yakiwa upande wa ukuta, angalia doa limekaaje: linaloanzia sakafuni likapanda usawa wa goti au kiuno mara nyingi ni maji ya ardhini, katoke nje uone kama udongo umerundikwa ukapita usawa wa sakafu, maana hiyo naikuta kila siku na dawa yake ni koleo tu. Doa la katikati ya ukuta linalokua hata kusiponyesha, shuku bomba, funga koki zote ukaangalie mita ya maji, ikiendelea kuzunguka kuna sehemu panavuja.

Ukishazuia maji, kwangua rangi ya mafuta yote. Chumvi itoe kwa brashi kavu, usioshe, ukimwaga maji inayeyuka na kurudi ndani. Halafu subiri, na hapa ndo watu wananichukia, maana ukuta uliolowa hivyo unaweza kuchukua wiki nyingi hata miezi kukauka. Ndo upake rangi ya maji. Plasta ikigongwa ikalia imeachia, toa hapo tu. Ila kama nyumba ni ya zamani usipige msasa mkavu, rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi (Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978) na vumbi lake ni sumu, kwa watoto ndo mbaya zaidi.

SWALI: Eti siki na bekingi soda zinazibua sinki? Nimeona kwenye tivii povu linatoka balaa.

JIBU: Povu linapendeza kwenye kamera, basi. Siki ni asidi, soda ni kinyume chake, zikikutana zinauana inabaki gesi na maji yenye chumvichumvi, mafuta yaliyoganda humo hata hayashtuki. Weka ndoo chini, fungua ule mkunjo wa bomba uutoe uchafu kwa mkono. Na nakuomba sana, siki usiichanganye na klorini, inatoa gesi inayochoma mapafu.

SWALI: Fundi, mtaalam aligonga ukuta kwa ngumi ukalia wazi ndani, akasema huo haubebi kitu, wakaubomoa. Na wangu unalia hivyohivyo, nibomoe?

JIBU: Kaka tulia kwanza. Kugonga kunakuambia ukuta umejengwa kwa kitu gani, hakukuambii unabeba nini, kuna kuta za fremu ya mbao zinalia wazi kabisa na juu yake zimebeba paa au ghorofa zima. Mwite injinia apande darini aone boriti zimelalia wapi, akitaka bimu iwekwe, hiyo na nguzo za muda za kushikilia juu zitangulie, nyundo ije baadae.