Robo-advaiza: usidanganyike na grafu

Jamani niseme ukweli, mara ya kwanza kufungua akaunti ya robo-advaiza, yani zile apu zinazokuuliza maswali alafu zenyewe zinakununulia hisa na hatifungani (yani unaikopesha serikali au kampuni ikulipe riba), nilijibu kama mtu aliye kwenye intavyuu ya kazi. Soko likishuka utafanya nini? Nikabonyeza "nitanunua zaidi" chap, maana soko lilikuwa linapanda na kipindi hicho kila mtu ni shujaa. Nikapangiwa hisa asilimia 90. Ikaja Machi 2020, S&P 500, yani kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ikawa imeshuka karibu asilimia 34 ndani ya wiki tano hivi, na shujaa mwenyewe nikauza kila kitu saa saba usiku, simu mkononi, jasho linanitoka. Agosti mwaka huohuo soko likawa limerudi lilipokuwa, mimi simo.

Portifolio, yani huo mchanganyiko niliopangiwa, haikuwa na kosa, mwongo nilikuwa mimi. Kwahiyo ukifika kwenye yale maswali achana na asilimia, piga hesabu ya hela yenyewe: umeweka dola 10,000, unaamka unakuta 6,600, utalala kweli?

Alafu makato. Nyingi zinakata kama asilimia 0.25 kwa mwaka na hiyo ndo wanaiandika kwa herufi kubwa, ila mifuko iliyomo ndani nayo ina makato yake, ukikuta ya ETF za kawaida (mifuko inayouzwa sokoni kama hisa) zinazofuata soko mara nyingi ni chini ya asilimia 0.1 na hapo huna haja ya kulalamika, lakini fungua mfuko mmoja mmoja uangalie, wengine wanakujazia mifuko ya kwao wenyewe ya bei juu. Na zile za "unalipa dola 3 tu kwa mwezi" ogopa kama hela yako ni ndogo. Mimi nilikuwa na dola 400, nikakatwa 36 kwa mwaka, hiyo ni asilimia 9 bana! Hakuna portifolio ya kufukia shimo hilo.

Keshi nayo watu wengi hawaiangalii. Baadhi wanaacha sehemu ya hela yako bila kuiwekeza, wanakwambia huduma ni bure, kumbe wanakula kwenye riba ya hiyo keshi. Mwaka 2022 Schwab, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 187 baada ya SEC, wasimamizi wa masoko ya hisa huko, kusema wateja hawakuelezwa vizuri habari hiyo ya keshi. Kwahiyo ukiona keshi asilimia 10 na wewe unawekeza ya uzeeni, uliza.

Kuhusu kupima kama inafanya kazi, mwaka mzima nilifurahia grafu inapanda kumbe ni hela yangu mwenyewe ninayoingiza kila mwezi, faida yenyewe ilikuwa kiduchu. Tafuta palipoandikwa faida bila michango. Na kama una hatifungani asilimia 40 usijilinganishe na S&P 500, jilinganishe na mchanganyiko wa 60 kwa 40 (hisa 60, hatifungani 40) wa mifuko miwili ya bei rahisi. 2022 hisa na hatifungani vyote vilianguka, watu wakatukana apu zao, wakati hata huo mchanganyiko ulikuwa umeanguka vilevile.

Sa hivi niko 60 kwa 40, naichungulia kila baada ya miezi mitatu, na notifikesheni zake nimezima zote.