Programu "hujifungua", "hufunguka" au "hufunguliwa"?

SWALI: Msomaji wetu wa Makole, Dodoma, anaandaa mwongozo wa kompyuta za Linux zinazotumiwa kwa zamu ofisini kwao. Ameandika: "Programu za kila mtumiaji hujifungua kompyuta inapowashwa." Mwenzake ameicheka sentensi hiyo na kupendekeza "hufunguka". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako amecheka kwa haki, kwani kujifungua, masikioni mwa Mswahili, ni kuzaa. Kiambishi -ji- chenyewe hakina kosa: upepo wa Dodoma ukiusukuma mlango, tunasema "mlango umejifunga", na kwa njia hiyohiyo "hujiwasha zenyewe" inakubalika katika mazungumzo. "Hufunguka" haichekeshi, lakini kauli ya kutendeka hubeba pia maana ya uwezekano, ndiyo maana fundi akiambiwa "programu haifunguki" huelewa kwamba imeshindikana kuifungua. Msomaji wa mwongozo wako anaweza kudhani unamwambia kwamba programu hizo zinaweza kufunguliwa, wala si kwamba zitafunguliwa. Mimi ningeandika "hufunguliwa", kwa kuwa mtendaji yupo: mtumiaji akishaingia, mfumo husoma mafaili yanayoishia na .desktop katika folda yake ya ~/.config/autostart, kisha hutekeleza amri iliyoandikwa katika kila faili.

Kwa sababu hiyohiyo, "kompyuta inapowashwa" haifai. Kompyuta ikiwaka na kubaki inasubiri nywila, hakuna hata moja kati ya programu hizo iliyoanza.

Kinachonisumbua zaidi, ingawa hukukiuliza, ni "za kila mtumiaji". Maneno hayo yanaweza kusomeka kama programu za watumiaji wote kwa pamoja, ilhali mafaili ya hizo hukaa kwingine, katika /etc/xdg/autostart. Tofauti hiyo ina uzito ofisini: mtumiaji akiweka katika folda yake faili lenye jina lilelile la faili la pamoja, na ndani yake akaandika Hidden=true, programu hiyo haitafunguliwa kwake, huku wenzake wa zamu nyingine wakiendelea kuipata kama kawaida.

Sentensi yako basi iwe: "Kila mtumiaji anapoingia kwa jina lake, programu alizojichagulia hufunguliwa." Hiyo -ji- ya "alizojichagulia" usiiondoe, maana anayechagua na anayechaguliwa programu hizo ni mtu yuleyule.