Je, balozi wa Marekani alimpa Saddam ruhusa ya kuivamia Kuwait?

Hapana, ruhusa hakupewa. Ila onyo kali pia hakupewa, na hapo ndipo palipoharibika. Tarehe 25 Julai 1990 Saddam Hussein, rais wa Iraq, alimwita balozi April Glaspie ghafla, bila hata nafasi ya kuomba maelekezo Washington. Balozi akasema Marekani haina msimamo kuhusu migogoro ya Waarabu wenyewe kwa wenyewe, kama ule wa mpaka na Kuwait. Katika mazungumzo hayohayo alisisitiza mgogoro umalizwe kwa amani, na akauliza kwa nini majeshi yamerundikwa mpakani. Watu hunukuu ile sentensi ya kwanza tu!

Saddam naye alimwambia kuwa Mubarak, rais wa Misri, amepanga mazungumzo na Wakuwait, na kwamba yeye Saddam hatafanya lolote kabla ya hapo. Balozi akaamini, akaondoka Baghdad siku chache baadaye.

Tarehe 31 Julai, John Kelly wa Wizara ya Mambo ya Nje alikiri mbele ya wabunge kwamba Marekani haina mkataba wa kuilinda Kuwait. Ilikuwa kweli, lakini kwa sikio la Baghdad ilisikika vibaya mno. Yale mazungumzo na Wakuwait, yaliyofanyika Jeddah, Saudi Arabia, yakavunjika, na alfajiri ya 2 Agosti vifaru vikavuka mpaka.