Shemeji ameleta isale, kihamba hajarudisha: nimsameheje?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mjane, nyumbani ni Kilimanjaro. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu aling'oa masale ya mpakani akauza nusu ya kihamba chetu, yaani shamba letu la ukoo, bila kunishirikisha. Mwaka huu ameokoka, akaja na jani la isale kuniomba msamaha. Nililipokea mbele ya wazee, maana isale halikataliwi, lakini nikimwona kifua kinabana. Hajarudisha hata shilingi, na anasema nikienda baraza la ardhi ina maana sikumsamehe. Nimeacha kwenda Meza ya Bwana. Je, nina dhambi?

JIBU: Amina, mama yangu. Pole, na pole tena.

Nianze na hilo isale, kwa sababu limenigusa. Jani analoleta mtu kuomba radhi ni la mmea uleule tunaopanda mpakani. Shemeji yako aling'oa masale kwa mkono mmoja, akaja na jani lake kwa mkono mwingine. Aliyekuja na jani anapaswa pia kuzungumza habari ya mpaka. Torati haikuuona mpaka kuwa kitu kidogo: "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake" (Kumbukumbu la Torati 27:17).

Watu wengi wanadhani kusamehe ni kusema "haina shida." Soma tena mfano wa Bwana katika Mathayo 18. Mtumwa wa kwanza alidaiwa talanta 10,000, akasamehewa zote. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kibarua kwa siku. Hapo unahesabu zaidi ya miaka 160,000 ya kazi. Hilo ndilo deni letu kwa Mungu. Mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, alidaiwa naye dinari 100, na hapa wahubiri tunapita haraka mno, tunaziita senti. Dinari 100 ni vibarua vya karibu miezi minne ukiacha Sabato. Kwa mtu wa kijijini hiyo ni ada ya watoto na chakula. Yesu hakusema mjoli hadaiwi kitu. Alichokemea ni ile mikono ya aliyesamehewa kwenye koo la mwenzake.

Basi kusamehe ni kutoa mikono kooni. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "utusamehe" katika Sala ya Bwana ndilo hilohilo lililotumika pale Petro na Andrea walipoziacha nyavu zao. Ni kuachia. Unaachia kisasi, unaacha kumwombea mabaya, unaacha kuwalisha watoto wako uchungu wa baba yao mdogo kila jioni. Hilo Bwana analidai kwako, na sitakupunguzia: "Nanyi, kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu" (Marko 11:25). Hakungoja mkosaji alipe kwanza.

Ila kumwamini tena ni jambo jingine. Yusufu alilia kwa siri alipowaona ndugu zake, lakini hakujitambulisha siku ile. Alimfunga Simeoni, akaficha kikombe katika gunia la Benyamini, akangoja mpaka Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumuuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake. Hapo ndipo alipofunua uso. Na Zakayo alipookoka hakuleta jani wala machozi. Alisema atarudisha mara nne. Shemeji yako ameokoka, tunamshukuru Mungu, na wokovu huo una mfuko pia. Kukuambia kwamba kudai haki ni kutosamehe ni kukudhulumu mara ya pili, kwa Biblia safari hii.

Najua utaulizwa kuhusu 1 Wakorintho 6, ambapo Paulo anawakemea ndugu wanaoshtakiana. Mstari wa 8 unawakemea wanaodhulumu ndugu zao vilevile, ila huo hausomwi sana kwenye vikao vya ukoo. Anza na wazee wa kanisa na wa ukoo, mweleze shemeji mbele yao unachodai, kiandikwe. Wakishindwa, nenda baraza bila hatia. Nenda kama mama anayewatafutia wanawe haki yao, si kama mtu anayetaka kumwona mwenzake akidhalilika. Tofauti hiyo unaijua wewe na Mungu wako.

Na Meza ya Bwana? Unajizuia kwa ajili ya Mathayo 5:23, bila shaka. Iangalie vizuri: anayeambiwa aiache sadaka madhabahuni ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Hapo ni shemeji yako, mama, si wewe. Kifua kubana si dhambi. Ni kidonda, na Meza haikuwekwa kwa ajili ya wazima tu. Jumapili njoo. Na ukimkuta amekaa benchi la mbele, si lazima ukae karibu naye.