Kabla hujafunga sola nyumbani, fanya hesabu hii

Betri yetu ya kwanza ilikufa baada ya miezi minane. Ilikuwa betri ya maji, ampea-saa 100, tuliyoinunua Singida mjini na kuisafirisha kwa basi hadi kijijini, ambako nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika. Paneli ilikuwa moja ya wati 100. Tulikuwa na inveta ndogo (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo), taa nne, televisheni na king'amuzi chake. Mwezi wa kwanza majirani walijaa sebuleni kuangalia mpira. Ilipofika mwezi wa sita, taa zilizima saa mbili usiku. Wa nane betri haikushika chaji tena, na fundi aliyetufungia akasema jua la mwaka ule lilikuwa hafifu.

Anayeijua Singida hawezi kukubali maneno hayo. Jua lilikuwepo tele. Hesabu ndiyo hatukuipiga, si sisi wala yeye, na naomba wewe uipige kabla hujatoa hata shilingi moja.

Chukua ampea-saa 100 uzidishe kwa volti 12 za betri. Unapata wati-saa 1,200 (wati-saa moja ni wati moja ikitumika saa nzima), yaani uniti moja ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, na ushee kidogo. Hicho ndicho kiasi chote kilichomo ndani ya lile boksi zito linalobebwa na watu wawili. Tena hutakiwi kukimaliza. Betri ya madini ya risasi, kama hiyo yetu ya maji, ikizoea kushushwa chini ya nusu inachakaa haraka, kwa hiyo matumizi halali ni kama wati-saa 600 tu.

Sasa angalia tulivyokuwa tunaishi. Televisheni na king'amuzi vilikula wati 60 hivi, saa tano kila jioni: 300. Taa nne za wati saba, saa tano: 140. Simu zetu na za majirani, tuseme 40. Hapo ni 480, na ungedhani tuko salama. Lakini inveta yenyewe inakula hata kama hakuna kilichochomekwa. Yetu ilikuwa inakula kama wati 10, na tuliiacha imewaka usiku na mchana. Kwa saa 24 ni wati-saa 240 zilizopotea bila kuwasha chochote. Jumla inapita 700.

Paneli nayo? Wati 100 ni kipimo cha kiwandani, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati letu mchana inafika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinaondoa karibu asilimia 4 ya nguvu yake. Ukichukua saa tano za jua kali, ukatoa joto, vumbi na upotevu wa waya, unabaki na wati-saa 350 hadi 400. Tulikuwa tunaidai betri 700 na kuirudishia 400, siku baada ya siku. Betri ya risasi isiyojazwa inajenga utando mgumu juu ya sahani zake, na ukishakomaa hakuna chaji itakayouondoa.

Kwa hiyo chukua daftari, andika kila kifaa, wati zake na saa utakazokitumia kwa siku. Ukipata jumla, ongeza robo kwa ajili ya inveta na waya. Fundi atakayekuja na bei kabla hajaomba kuliona daftari hilo, mshukuru kwa adabu na utafute mwingine.

Utagundua upesi kwamba vitu vya joto havina nafasi humo. Wifi yangu alikuja likizo akachomeka birika kuchemsha maji ya chai. Inveta ikalia na kujizima, na ilituokoa. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji kunahitaji kama wati-saa 150, robo ya akiba yetu ya siku nzima, kwa chai ya watu watano. Tena birika la wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 linavuta zaidi ya ampea 125, na waya mwembamba ukilazimishwa kupitisha mkondo huo unaweza kuwaka moto. Pasi ni hivyo hivyo. Friji nalo huvuta mara kadhaa ya wati zake kila kompresa inapoanza, basi usilichomeke kwenye mtambo wa taa.

Kuhusu upepo nitasema machache, maana Singida tunao. Kijana wa jirani alitengeneza pangaboi kwa altaneta ya gari na kulifunga juu ya mlingoti mfupi nyuma ya nyumba. Altaneta inataka mzunguko wa kasi sana, na miti na mapaa huuvunja upepo wa chini. Upepo ukipungua kasi kwa nusu, nguvu yake inabaki sehemu moja ya nane. Lile pangaboi liliwasha taa moja, usiku wa dhoruba.

Kilichotusaidia jikoni ni gesi ya samadi inayooza ndani ya shimo lililofunikwa. Kilo 25 za samadi mbichi ukichanganya na lita 25 za maji, unapata gesi ya karibu mita moja ya ujazo, inayotosha jiko moja kuwaka saa mbili hadi tatu. Maharage yanaiva bila moshi, na kikohozi cha mama mkwe kilipungua. Lakini ng'ombe wetu wanachungwa, kwa hiyo samadi ya mchana yote inabaki porini na tunaokota ya usiku tu. Na mwezi wa kumi, maji yanapofuatwa mbali, nani atamwaga ndoo nzima kwenye shimo kila asubuhi? Miezi hiyo tunarudi kwenye kuni, na sioni aibu kusema.

Baadaye nguzo zilifika. Hapo watu wengi huniuliza kama sola itawapunguzia gharama. Mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Paneli mbili za wati 100 zitakupa uniti 24 hivi kwa mwezi. Hizo ni shilingi 2,400. Bei ya betri peke yake hutairudisha kwa hesabu hiyo. Sisi tumebaki na sola kwa sababu nyingine: mgao wa mwaka 2023 ulipouma, watoto waliendelea kusoma usiku.

Sasa tuna paneli mbili, zimeinuliwa juu ya bati ili hewa ipite chini, zimelala kidogo kuelekea kaskazini, na tawi la mwembe lililokuwa likizitia kivuli tumelikata. Tunazifuta vumbi alfajiri, kioo kikiwa bado baridi. Inveta inazimwa kabla ya kulala. Betri ya pili, ya maji vilevile, ina mwaka wa nne. Kila jioni mwanangu mkubwa anasoma volti na kuziandika ukutani kwa chaki. Mwezi wa Januari, mawingu yakitanda siku tatu na kipimo kikikaribia volti 12.2, dalili kwamba betri inakaribia nusu, anazima televisheni mwenyewe, hata kama mpira haujaisha.